Someni faili kabla ya kuwatukana majaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Malindi ambaye barua yake mliichapisha wiki iliyopita. Alisema majaji wa Kenya wamehalalisha ushoga, kwamba sheria tuliyoachiwa na mababu imefutwa ili wafadhili wafurahi, na kwamba wabunge wasiposimama kidete taifa litakwisha. Sina ugomvi na imani yake. Mimi pia ni mtu wa msikiti, na nikiulizwa dini yangu yasemaje nitajibu bila kutafuna maneno. Lakini umri wangu wa kazi wote niliumalizia masijala, nikifungua na kupanga majalada ya kesi za jinai katika mahakama moja hapa Pwani, na sisi makarani tuna ugonjwa wetu: hatustahimili kumsikiliza mtu akihutubia juu ya kesi ambayo hajaisoma.

Nianze na hilo la kuhalalishwa. Hakuna kilichohalalishwa. Kanuni za Adhabu, Sura ya 63 ya sheria za Kenya, ziko vilevile. Kifungu cha 162 kinasema anayemwingilia mwenzake kinyume cha maumbile, au anayemruhusu mwanamume amwingilie hivyo, atafungwa hadi miaka 14. Na kama mwenzake hakuridhia, au aliridhia kwa kutishwa, miaka 21. Aliyejaribu akashindwa ana kifungu chake, cha 163, miaka 7. Cha 165 ni cha wanaume wanaofanyiana mambo ya aibu, iwe hadharani au chumbani kwao, miaka 5. Vyote vitatu viko hai.

Vilipelekwa mahakamani, ndiyo. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu kule Nairobi, Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo, waliombwa wakifute cha 162 na cha 165. Wakakataa. Hukumu yenyewe ilikuwa isomwe Februari, ikaahirishwa, na Jaji Mwita akaeleza kuwa faili alizotakiwa kuzipitia zilikuwa zimempita kimo akiwa amesimama. Nilicheka peke yangu niliposikia, maana faili hizo hazijipeleki zenyewe ofisini kwa jaji, kuna karani aliyezibeba. Baada ya kusoma rundo lote hilo wakasema vifungu havina utata, vinalenga kitendo wala si kundi la watu, na kwamba kuvifuta kungewafungulia mlango wa nyuma watu wa jinsia moja waishi kama mume na mke, ilhali Kifungu cha 45 cha Katiba kinataja ndoa ya mtu na mtu wa jinsia tofauti. Walioshindwa wakakata rufaa. Sasa, ndugu yangu wa Malindi, hao ndio majaji waliohalalisha?

Kilichompandisha presha, nadhani, ni kesi nyingine kabisa. Mwaka 2013 mwanasheria Eric Gitari alitaka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Bodi inayosimamia mashirika yasiyo ya serikali ikakataa hata kumhifadhia jina. Akaenda kortini. Mahakama Kuu ikampa ushindi Aprili 2015, ya Rufaa ikauthibitisha Machi 2019, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala kwa majaji watatu dhidi ya wawili: Mwilu, Wanjala na Njoki Ndungu wakiwa upande wake, Ibrahim na Ouko wakipinga. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akaomba uamuzi upitiwe upya. Akakataliwa Septemba mwaka huohuo.

Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa dogo. Je, serikali inaweza kuwanyima watu haki ya kuunda chama, haki iliyo katika Kifungu cha 36 cha Katiba, kwa sababu tu haiwapendi watu hao? Walio wengi wakasema haiwezi. Kukaa kwenye mkutano, kuandika katiba ya chama, kuchagua mweka hazina, hayo si makosa katika sheria yoyote ya Kenya. Cha 162 hawakukigusa. Lakini siku ile ilipotangazwa, redioni na mimbarini tuliambiwa kuwa wanaume sasa wataoana kwa cheti. Hata wale waliokuwa wakishangilia upande wa pili, baadhi yao walishangilia jambo ambalo halikuwamo.

Tuje kwa mababu. Mababu wa nani? Sheria hii ilitungwa na Waingereza kwa ajili ya India, ikawa kifungu cha 377 cha kanuni za India za mwaka 1860. Mwaka 1897 ikaletwa huku kwetu pamoja na furushi zima la sheria za India, reli ikiwa ndiyo kwanza inachimbiwa njia kutoka Mombasa. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ikaleta kanuni mpya, na kiolezo chake kilitoka Queensland, Australia, kalamuni mwa mwanasheria Samuel Griffith. Huyo Griffith ndiye aliyeongeza kwamba hata anayeruhusu kuingiliwa ana kosa. Cha 165 nacho kina asili yake katika sheria ya Bunge la London ya mwaka 1885. Uingereza ilianza kuiondoa mwaka 1967, ikianzia England na Wales. Queensland ikaiondoa 1990. Mahakama ya Juu ya India ikaamua tarehe 6 Septemba 2018 kwamba watu wazima walioridhiana hawana kesi. Wenye nguo wamekwisha kuivua, sisi tuliovishwa ndio tunaoapa kuwa ni vazi la kwetu.

Sisemi mababu zetu walilibariki jambo hili. Hawakulibariki. Ninachosema ni kwamba hawakuwa na selo kwa ajili yake. Mtu aliyekulia mitaa ya Mji wa Kale, wa rika langu, hahitaji kitabu kujua hili. Mtaani kwetu alikuwapo bwana mmoja aliyekaa na wanawake tangu ujana wake. Ndiye aliyekuwa akipiga vigoma kwenye harusi, ndiye aliyejua nyimbo za kumtoa bibi arusi ndani, na hakuna mwari aliyefundwa mtaa ule bila yeye kuwapo uani akitoa maoni yake juu ya hina. Sheikh wetu alikuwa akimkemea kwenye hotuba ya Ijumaa, bila kumtaja lakini sote tukijua, na binti wa sheikh huyohuyo alipoolewa, aliyeitwa kupiga vigoma ni yeye. Alipofariki alioshwa, akasaliwa, akazikwa na umati. Watu walimsema, tena sana, na maneno mengine yalikuwa ya kuumiza. Ila sikumbuki mtu aliyefikiria kumwitia polisi.

Na bara nako kuna yao. Mwaka 2011 hapahapa Mombasa Jaji Jackton Ojwang aliamua kesi ya mirathi ya mama mmoja wa Kinandi ambaye hakuwa na mtoto wa kiume na alikuwa ameoa mwanamke mwenzake kwa mila yao. Jamaa wa marehemu wakasema huyo si mke. Jaji akasikiliza ushahidi wa mila, akamtambua kuwa mke, na watoto wake kuwa warithi. Naharakisha kusema, maana nawajua wasomaji: ndoa hiyo ni ya kutafuta mrithi, si ya kitandani, na anayeitumia kama ushahidi wa usagaji anawakosea Wanandi. Lakini anayesema hajapata kusikia Afrika mwanamke kumlipia mwanamke mahari, awaulize Wanandi, Wakamba, Wakuria na Wakisii.

Sasa nifike kwenye masijala, kwa sababu huko ndiko nilikotaka kufika.

Machi 2014 Bunge liliambiwa na kiongozi wa walio wengi wakati ule, Aden Duale, kwamba kesi za ushoga tangu 2010 zilikuwa 595. Magazeti yakalichapa, na wengi wangali wanaitaja hesabu hiyo. Mimi nilijiuliza tu: aliyehesabu alifungua jalada, au alihesabu kava? Maana kava huandikwa namba ya kifungu, na cha 162 kina sehemu ya pili ambayo hamuisikii kwenye hotuba: kumwingilia mnyama. Majalada ya 162 niliyoyapokea mimi, mengi yalikuwa ya mbuzi. Kondoo pia, na mara moja punda, na mwenye punda alikuja kortini amekasirika kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona pale. Mengine yalikuwa ya watoto walionajisiwa, ambayo siku hizi hupelekwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na nashukuru. Ya wanaume wawili wazima walioridhiana yalikuwa haba mno.

Msomaji atasema: basi sheria haimdhuru mtu, iacheni ilale. Haijalala. Niwaeleze jalada moja, bila jina wala kituo.

Kijana alikuwa amepanga chumba na mwenzake. Jirani akasema amesikia mambo. Mtoto wa mwenye nyumba akaenda na walinzi wa mtaa, wakavunja mlango, polisi wakaja baadaye. Simu zikachukuliwa kabla ya pingu. Mwenzake alikuwa na kaka Nairobi. Kaka akatuma pesa kwa M-Pesa usiku uleule, na alfajiri huyo mwenzake hakuwa tena mshukiwa wa kosa lolote, wala jina lake halimo popote katika karatasi nilizoziona. Kijana wetu hakuwa na wa kumtumia. Ndiye aliyeletwa kwetu. Kwa hiyo nililofungua mimi lilikuwa jalada la mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa kosa ambalo, kwa maumbile yake, haliwezi kufanywa na mtu mmoja.

Kwenye hati ya mashtaka kuna nafasi ya jina la mlalamishi. Kwenye wizi pana mwenye mali, kwenye shambulio pana aliyepigwa. Hapa palikuwa na neno moja: Jamhuri. Shahidi wa kwanza ni jirani, wa pili ni jirani wa jirani. Siku ya kusikizwa jirani hakuja. Ikaahirishwa. Hakuja tena. Ikaahirishwa tena. Mwishowe kiongozi wa mashtaka akaiondoa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mienendo ya kesi za jinai, na hakimu akamwachilia. Watu husikia "ameachiliwa" wakadhani yamekwisha. Wanaokaa masijala wanajua 87(a) maana yake nini: kesi imeondolewa, haijaamuliwa, na unaweza kukamatwa kesho kwa mambo yaleyale. Askari hawakusahau kumkumbusha. Alipohama mtaa walimfuata huko, na kila walipomfuata hawakuwa na haja ya kumpeleka kortini. Walihitaji tu simu yake.

Aliyekuja kuchukua pesa za dhamana hakuwa yeye, alikuwa mama yake, kwa kuwa yeye aliogopa kusimama foleni watu wakimnong'ona. Risiti ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso, imekunjwa mara nyingi hata wino umepauka kwenye mikunjo. Nikamwambia ukweli kwamba pesa ni za aliyeandikwa kwenye risiti, na aliyeandikwa lazima aje na kitambulisho. Kitambulisho, akasema, kilibaki kituoni usiku ule na hakikurudi. Nikamwelekeza akaripoti kimepotea. "Mwanangu, nikaripoti wapi? Kituo kilekile?" Sikuwa na jibu lililoandikwa kwenye fomu yoyote.

Hiyo ndiyo kazi ya kifungu cha 162 katika mikono ya watu wa kawaida. Wanaofika masijala ni waliokosa pesa. Wenye pesa hulipa, kisha hulipa tena, na anayewala hana haja ya hakimu. Sidhani waliotunga sheria, hata wale wakoloni, walikusudia iwe chanzo cha mapato.

Na kisheria sasa kesi hizi zimekuwa ngumu kuliko zamani. Wasomaji wa Kwale wanalikumbuka tukio la Februari 2015, wanaume wawili walipokamatwa Ukunda. Waliletwa hospitali hapa Mombasa, wakalazwa kitandani, wakapekuliwa sehemu za siri eti daktari aone dalili, wakatolewa na damu ikapimwe Ukimwi na homa ya ini. Ukimwi unahusu nini hapo, sijui. Hata kama wangekutwa nao si kosa chini ya 162. Walipolalamika, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema waliridhia kupimwa. Waliridhia! Mtu aliye mikononi mwa polisi, ameletwa na polisi, fomu kashikiwa na polisi. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyoketi hapa Mombasa ikapindua uamuzi huo: vipimo vile vilivunja utu na faragha yao, na ushahidi wa namna hiyo hautakiwi. Madaktari nao walikuwa wamekwisha kusema kwamba vipimo hivyo havithibitishi chochote.

Basi tupige hesabu pamoja, ndugu wa Malindi. Tendo linafanyika ndani, mlango umefungwa. Waliofanya wameridhiana, hawatashtakiana. Daktari haruhusiwi kupekua. Jirani alisikia kitanda. Utathibitishaje? Huwezi. Sheria isiyoweza kuthibitishwa mahakamani haina pengine pa kufanyia kazi ila njiani, usiku, kati ya askari na mtu mwenye hofu. Nakubaliana nawe kwamba sehemu ya kulazimishana, ya watoto na ya wanyama zikae, tena kwa ukali. Lakini hii ya watu wazima wawili ndani ya chumba walichokilipia kodi, ningekuwa mbunge ningeiondoa nikarudi zangu kuswali.

Najua Mheshimiwa Kaluma mwaka 2023 aliandaa Mswada wa Kulinda Familia wenye adhabu kali zaidi, akifuata nyayo za Uganda, ambako Rais Museveni alitia saini sheria yao Mei mwaka huo, ikiwa na hadi adhabu ya kifo. Baadhi ya Waganda walioikimbia wako Kenya hii hii, wengine kambini Kakuma. Kwa uzoefu wangu, adhabu ikipanda, anayefaidi wa kwanza ni yule aliyesimama njiani usiku. Kwa kosa la miaka 14 anaomba kiasi fulani. Kwa kosa la kunyongwa ataomba nyumba.

Jambo la mwisho, na nalitaja kwa kuwa msomaji yule aliwachanganya wote kwenye kapu moja. Mahuntha, watu waliozaliwa na maumbile ya jinsia mbili, si mashoga, na wanazuoni wetu wa fiqhi wamewaandikia milango yao tangu karne nyingi. Mwaka 2014 Jaji Isaac Lenaola alisikiliza kesi ya mtoto aliyezaliwa hivyo katika hospitali moja Nairobi: kwenye fomu, mahali pa kuandika wa kiume au wa kike, paliwekwa alama ya kuuliza. Kama karani, hilo lilinichoma. Mtoto mchanga, na karatasi yake ya kwanza duniani ina swali. Kabla ya hapo, mwaka 2010, mfungwa mmoja huntha aliyekuwa amewekwa na wanaume katika gereza la Kamiti alipewa fidia ya shilingi 500,000 kwa jinsi alivyodhalilishwa kwa kuvuliwa nguo na kutazamwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza: 1,524. Sheria ya Watoto ya 2022 imewataja. Na Audrey Mbugua, ambaye hakuwa huntha bali mtu aliyebadili jinsia, aliamuliwa na Jaji Weldon Korir mwaka 2014 kuwa Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Hakuomba aolewe. Aliomba cheti cha shule kibebe jina lake jipya, apate kazi.

Hukumu zote nilizozitaja zimewekwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na ya 2023 ina maoni ya majaji wote watano, wakiwamo wale wawili ambao msomaji wa Malindi angewapenda. Zimeandikwa kwa Kiingereza kirefu, nakiri, na hapo ndipo ningeomba gazeti lako, Mhariri, lisaidie: chapisheni muhtasari kwa Kiswahili, pande zote mbili, kabla ya mjadala mwingine kama huu. Mahakama ya Rufaa itakapoamua rufaa ya kesi ya 2019, iwe ni kwa upande gani, tutapigiwa tena kelele siku hiyohiyo kabla ya wino kukauka. Mwandishi wenu mmoja na akae ukumbini mpaka ukurasa wa mwisho usomwe, kisha atuandikie kilichosemwa.

Ni mimi,
Karani mstaafu,
Likoni, Mombasa.